Vazi la kujiponya majeraha ya utotoni: vitambaa, mishono, uzito, na mahali kazi inapoharibika (uzi mrefu wa jukwaani)

NakshiTaratibu (mwanzisha uzi)

Habari wadau. Maswali kuhusu mavazi ya kujiponya yametawanyika huku na kule, mengine kwenye ushonaji, mengine kwenye afya ya akili, kwa hiyo nayakusanya hapa. Nazungumzia vazi au pambo ambalo mtu mzima anajitengenezea kwa sababu ya majeraha ya kihisia ya utotoni: kudharauliwa, kutishwa, kulinganishwa kila siku na wengine, au kulelewa na mzazi aliyekuwepo nyumbani lakini hakuwahi kumsikiliza mtoto.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Vazi la namna hii liufanyie mwili kazi. Wengi huanza kwa kuchora jeraha: moyo uliopasuka, mtoto analia, pingu. Kinachopatikana ni bango la kuvaa, na kila anayeliona anauliza swali ambalo mvaaji hayuko tayari kulijibu. Anza na swali hili: mtoto yule alihitaji nini akakikosa? Kufunikwa? Kushikwa bega? Mahali pa kuweka kitu chake pasipopekuliwa? Mtu wa kulitaja jina lake kwa upole? Kila jibu lina umbo lake la kushona. Anayetaka kufunikwa ashone kola pana inayosimama hadi chini ya masikio. Aliyekosa kushikwa bega atawekewa uzito begani. Aliyekuwa akipekuliwa ashone mfuko wa ndani ambao mdomo wake hauonekani hata vazi likikunjuliwa. Na jina lidariziwe upande wa ndani, mahali linapogusa ngozi.

Kazi hii ina mizizi. Agnes Richter, mshonaji aliyekuwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Hubertusburg huko Ujerumani, mnamo 1895 alilidarizi jaketi lake kwa maneno, ndani na nje. Mengi hayasomeki tena, lakini namba yake ya hospitali, 583, inaonekana. Jaketi hilo limehifadhiwa Heidelberg kwenye Mkusanyo wa Prinzhorn, na lina alama za kuvaliwa. Alilivaa. Kwa hili, kuvaliwa kwake kuna uzito kuliko uzuri wake.

Sasa vifaa. Kwa kazi ya kwanza chukua jaketi au shati la pamba au kitani ambalo halivutiki, na ambalo lingekutosha hata ukivaa fulana chini yake. Fulana inayonyumbulika iache kwanza, kwa sababu mishono hukunja kitambaa na herufi zinapinda. Lifue vazi kwa maji ya moto kiasi kabla ya kugusa sindano. Pamba mpya huweza kurudi asilimia 3 hadi 5, na ikirudi baada ya kudarizi, kitambaa kinajikunja kuzunguka nakshi na hakuna pasi itakayokinyoosha.

Uzi wa kudarizi wa kawaida huja kwenye kifungu cha mita 8, ukiwa na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Kata kipande cha sentimita 45, si zaidi; kikiwa kirefu kinasuguliwa na kitambaa, kinachakaa, kinajifunga mafundo. Chomoa nyuzi moja moja kutoka kwenye kipande, kisha uunganishe tatu. Ukizichomoa tatu kwa pamoja zitasokotana. Sindano ya kudarizi namba 7 inafaa kwa nyuzi tatu. Fremu ya mviringo ya kukazia kitambaa, ya sentimita 15, inatosha, na iondolewe kila unapomaliza kikao, maana ikilala usiku kucha inaacha alama ya duara ngumu kutoka.

Mishono miwili inatosha kuanzia. Mshono wa kurudi nyuma (kila mshono unarudi kuungana na uliotangulia) kwa maandishi, na mshono wa mnyororo (vitanzi vinavyoshikana kama mnyororo) kwa mistari minene inayopinda. Herufi yenye urefu wa sentimita 1.5 inahitaji mstari wa takriban sentimita 4, na mshono wa kurudi nyuma hesabu uzi mara 4 ya urefu wa mstari. Kifungu kimoja kikigawanywa nyuzi tatu tatu kinakupa mita 16, yaani herufi 80 hadi 100. Ukitaka herufi chini ya sentimita 1, tumia nyuzi mbili au hata moja, la sivyo matundu ya a na e yanaziba.

Jambo moja la mwisho, na naliona muhimu kuliko yote ya kiufundi: usidarizi moja kwa moja kwenye vazi. Darizi kwenye kiraka, kwa mfano sentimita 8 kwa 10, ukiacha sentimita 1.5 za kukunja kila upande. Kiraka kishikizwe kwanza kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, uvae siku kadhaa, ndipo ukishone imara. Hisia za utotoni hubadilika kazi ikiendelea. Neno lililoonekana la lazima mwanzoni linaweza kuwa zito kulibeba wiki mbili baadaye, na kufumua maandishi kwenye koti lenyewe kunaacha matundu.

Kipindo

Mkuu, hujagusa chaki na kalamu za kuchorea mistari ya nakshi kwenye kitambaa; tuongezee. Watu wanaharibu kazi hapo.

NakshiTaratibu

Kweli kabisa. Kalamu ya buluu inayofutika kwa maji isipigwe pasi kabla ya kuoshwa: joto huigandisha na haitoki tena. Osha kwanza kwa maji baridi bila sabuni, kausha, ndipo upige pasi. Ile inayofutika kwa joto ina tatizo lake: mstari unapotea kwa pasi, kisha unaweza kurudi kitambaa kikipata baridi kali. Itumie tu mahali ambapo uzi utaufunika mstari wote. Kwenye kitambaa cheusi, chaki ya fundi iliyonolewa inatosha, ila inafutika kwa mkono, kwa hiyo chora sehemu utakayoishona siku hiyo.

Rangi nyekundu na buluu iliyoiva zijaribiwe kabla. Lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe, pitisha pasi. Kikiacha doa, loweka kifungu kizima kwenye maji baridi na uyabadilishe hadi yabaki meupe.

SautiYaNdani

Swali langu ni la mtu ambaye hana picha ya kudarizi. Aliyepigwa au kutukanwa ana tukio. Lakini aliyepuuzwa, ambaye hakuna mtu aliyemwuliza "umeshindaje leo", hana tukio lolote. Anakaa na kitambaa mbele yake na hakuna kinachokuja. Anaanzia wapi?

Mshauri_wa_Zamu

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na linawahusu wengi. Kupuuzwa kihisia ni kukosekana kwa jambo, na jambo ambalo halikutokea haliachi kumbukumbu ya kuonekana. Kwa hiyo usimlazimishe mtu akumbuke. Mwili wenyewe huwa unajua.

Fanya hivi. Chora umbo la mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma, bila kujali uzuri. Mwombe afikirie hali ndogo ya sasa, kwa mfano ametuma ujumbe na hakujibiwa, au ameongea kikaoni na hakuna aliyemgeukia. Hali iwe ndogo kweli. Kwenye kipimo cha uchungu cha 0 hadi 10 isizidi 3 au 4. Kisha aweke alama pale mwili ulipoitikia: koo limebana, kifua kimekuwa kitupu, mabega yamepanda, mikono imekuwa mizito. Alama hiyo ndiyo itakayoamua kiraka kinakaa wapi. Hatua inayofuata ni kujaribu kwa mkono: aweke kiganja hapo kwa shinikizo dogo, kisha kubwa kidogo, kisha ajaribu kitambaa cha joto, kisha kitu kizito. Kinachofanya pumzi ishuke ndicho kinachoingia kwenye vazi. Hapo hakuna hata chembe ya hadithi iliyohitajika, na kazi imeshaanza.

Koo likibana, watu wengi huona nafuu wakipunguza kitu shingoni badala ya kuongeza. Usimshonee kola ya kusimama mtu wa namna hiyo. Mpe shati lisilo na kola, na uweke kipande laini kwenye mfupa wa kifua, sentimita chache chini ya shingo.

FundiBitana

Kwa kuwa mshauri amegusa uzito, niseme namna ya kuushona, maana wengi wanamwaga shanga ndani ya mfuko mmoja na zote zinakusanyika chini kama gunia.

Kwa bega moja, gramu 200 zinatosha kuanzia; mabega yote mawili gramu 400. Tumia shanga ndogo za kioo za kujazia au za chuma kisichoshika kutu. Usitumie mchele wala nafaka yoyote: hazifuliki, zinaota ukungu na kuleta wadudu. Kata vipande viwili vya pamba iliyofumwa kwa kubana, sentimita 19 kwa 13, ubaki na sentimita 16 kwa 10 baada ya kushona. Shona pande tatu mara mbili kwa mishono yenye urefu wa milimita 2. Gawa kwa mistari upate vyumba vinane vya sentimita 4 kwa 5. Kila chumba kina gramu 25.

Utaratibu wa kujaza ndio unaowashinda watu. Shona kwanza mistari inayokwenda kutoka mdomoni hadi chini, mitatu, upate njia nne. Mimina gramu 25 kwenye kila njia, tikisa zishuke, kisha shona mstari mmoja wa kukatisha katikati. Jaza tena gramu 25 kwenye kila njia, ufunge mdomo. Kabla ya kushona kila mstari wa kukatisha, sukuma shanga mbali na ubandike pini. Sindano ya cherehani ikigonga shanga ya kioo inavunjika na kipande kinaweza kuruka jichoni. Mistari ile ya mwisho ni salama zaidi kuipiga kwa mkono.

Vifuko hivyo usivishone moja kwa moja kwenye koti. Weka mifuko ya bitana begani, yenye vifungo viwili vidogo vya kubana, ili vitoke siku ya kufua. Mtu mwenye maumivu ya shingo, bega au matatizo ya kupumua aache uzito, na asilale nao mtu yeyote. Mtoto ndiyo kabisa asivalishwe.

Kipindo

Mfuko wa siri je?

FundiBitana

Mdomo wa sentimita 15, kina cha sentimita 20, ndani ya ubavu wa upande wa pili wa mkono anaoutumia zaidi. Mweke mtu avae koti, akunje mkono mbele ya tumbo bila kuinua bega, uweke alama pale vidole vinapofika vyenyewe. Ukikadiria kwa macho mezani, mfuko unakuwa juu mno, na mtu anaonekana anajikuna. Ndani ya mfuko weka kipande cha mahameli au flaneli, nyuzi zake zikielekea chini ili vidole viteleze kwa ulaini vinapoingia. Vidole vikihitaji kazi zaidi, shona ndani yake safu ya mafundo saba au nane ya uzi mnene, yaliyoachana sentimita 1, ya kuhesabu kimyakimya.

Zuhura_mkasi

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo na mwanzisha uzi kuhusu maneno. Kudarizi yale matusi yenyewe, "mjinga", "mzigo", "hufai", kuna faida yake. Mtu anakaa nayo muda mrefu, herufi kwa herufi, na yanapungua makali. Tukisema kila kitu kiwe laini na cha kufariji tunawanyima watu hasira, na hasira ni sehemu ya kupona.

NakshiTaratibu

Hasira naikubali kabisa, dada. Ninachopinga ni mahali inapowekwa. Neno la aliyekuumiza likikaa kifuani nje, unalivaa wewe na wanalisoma wengine, na mtu wa pembeni hana njia ya kujua kwamba unalikataa. Anasoma tu "mzigo" juu ya mtu. Linaweza kurudia jeraha lile lile mbele ya kadamnasi.

Kuna njia ya katikati. Darizi tusi kwenye kitambaa cha majaribio kwa nyuzi moja, bila fundo, ukiacha mkia wa sentimita 5 mwanzo na mwisho. Likikamilika, lifumue. Shona juu ya matundu yale yale jibu ambalo mtoto hakuweza kulitoa. Matundu ya chini yatabaki yanaonekana kwa karibu, na hilo ni sawa. Au andika kwa wino wa kitambaa usiofutika kwenye utepe wa sentimita 3 kwa 20, upige pasi, uuviringe, uuingize kwenye kifuko cha sentimita 5 kwa 5 ndani ya pindo la chini, mbali na moyo. Karatasi usiitumie hapo. Inayeyuka kwenye mfuo wa kwanza.

Mshauri_wa_Zamu

Dada Zuhura ana hoja, naomba tu niweke mipaka. Utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall wa 1986 ulihusu kuandika juu ya matukio machungu: dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Mara tu baada ya kuandika, washiriki walijisikia vibaya zaidi, na faida zilizoonekana zilikuja baadaye. Kudarizi ni polepole kuliko kuandika, kwa hiyo neno lile lile linakaa mkononi muda mrefu mara nyingi zaidi. Ndiyo maana nashauri kikao cha tusi kisizidi dakika 20, kisifanywe usiku kabla ya kulala, na kifuatwe na dakika 10 za mshono usio na maana yoyote: mistari mitupu, pindo, vifungo.

Dalili za kusimama papo hapo: sindano imekuchoma na hukuhisi, umeangalia saa na hujui dakika 40 zimekwenda wapi, mikono imekuwa ya baridi, chumba kinaonekana kiko mbali, au umeshika pumzi. Hapo hakuna kumalizia mshono. Chomeka sindano kwenye kitakia chake, weka nyayo zote mbili chini, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kunywa maji, toka kwenye chumba hicho. Ikijirudia kikao baada ya kikao, rudi kwenye kazi ya uzito na mifuko, na maneno usiyaguse tena bila mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Na mtu anayewaza kujidhuru, asiyelala siku kadhaa, au anayerudishwa kwenye tukio kana kwamba linatokea sasa, aanze kwa mtaalamu. Vazi lisubiri.

RangiNaKitambaa

Kwa wasiopenda sindano, rangi inafaa pia. Rangi ya akriliki ya kawaida ikipakwa peke yake inakauka ngumu na kupasuka kwenye mikunjo. Changanya sehemu 2 za rangi na sehemu 1 ya kimiminika cha kulainisha rangi ya kitambaa ("fabric medium"), si kile cha kufulia nguo. Paka tabaka jembamba, mbili au tatu, badala ya moja nene. Weka karatasi ya nailoni ndani ya vazi ili rangi isipite upande wa mgongo. Acha saa 24, toa nailoni, geuza vazi, piga pasi upande wa nyuma bila mvuke kwa dakika 3 hadi 5 ukiisogeza muda wote. Usifue kabla ya siku tatu, na ukifua liwe limegeuzwa ndani nje.

Kwapani, kwenye kiwiko na mstari wa mkanda pasipakwe rangi. Msuguano unaimenya hapo haraka kuliko kwingine kote.

SautiYaNdani

Na nguo ya utotoni yenyewe? Watu wengine wamehifadhi sare au gauni na wanataka kulikata watengeneze kitu.

NakshiTaratibu

Taratibu hapo, mkasi haurudishi. Piga picha vazi zima pande zote mbili, pamoja na picha za karibu za vifungo na viraka vyake. Kisha chagua sehemu ambayo haitaharibu umbo: pindo la ndani, mfuko, sehemu ya chini ya ubavu. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kinatosha. Mengine yaache mwezi mzima kabla ya kuamua. Kitambaa kilichokaa miaka mingi ni dhaifu hata kama kinaonekana kizima. Kikunjwe kidogo kati ya vidole karibu na sikio, na ukisikia sauti ya kukatika usikitegemee kubeba mshono. Kibandikie nyuma kitambaa chepesi cha pamba kwa bandi ndogo ndogo kuzunguka ukingo, halafu fanya nakshi ipite kwenye vitambaa vyote viwili. Ile gundi ya kugandisha kwa pasi iache, kwa sababu joto linaweza kukiunguza na haibanduki tena.

Mshauri_wa_Zamu

Naongezea: asiye na hakika ya hisia zake kwa nguo hiyo aanze na nakala. Chukua kitambaa kipya chenye rangi inayofanana, ufanye kazi yote hapo. Kama baada ya kumaliza bado anaitaka ile ya asili, aendelee.

KidaniCheupe

Niongeze upande wa vidani, kwa sababu si kila mtu anaweza kuvaa jaketi kila siku. Watu hufungia ndani ya resini (kimiminika kinachoganda kuwa kigumu kama kioo kikichanganywa na kigandishi) jino la utoto, kipande cha daftari, uzi wa nguo. Kidani cha kipenyo cha milimita 25 na kina cha milimita 8 kinatosha, na kimiminwe kwa awamu mbili za milimita 4, la sivyo kitu kinaelea juu.

Karatasi ipakwe gundi nyeupe pande zote na kingo, mara mbili hadi tatu, ikauke kabisa. Isipozibwa, resini inaipenya, karatasi inakuwa ya kuonyesha upande wa pili na maandishi ya nyuma yanatokeza mbele. Jino na kitambaa vikauke siku kadhaa, kwa kuwa unyevu hutia ukungu na mapovu. Uwiano wa resini na kigandishi ufuate maelezo ya kifurushi chako: nyingine ni 1 kwa 1 kwa ujazo, nyingine 2 kwa 1, na kukadiria kwa jicho ndiko kunakosababisha kidani kinachonata milele. Koroga polepole dakika 3 ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Ukikoroga kwa kasi unaingiza hewa.

Vaa glavu za nitrili, fungua madirisha. Resini ambayo haijakauka ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio, na ukishaupata hauondoki kirahisi. Wakati wa kusugua kidani kwa msasa, tumia msasa wa maji na uvae barakoa ya vumbi. Na pete ya kuning'inizia isiwe na nikeli. Mtu akipata vipele shingoni ataacha kuvaa kitu alichokihangaikia wiki nzima.

Mwl_Kushona

Tunapanga kufanya hivi kwa kikundi cha watu wazima. Idadi gani inafaa, na je, faida yake imethibitishwa kweli?

Mshauri_wa_Zamu

Mwalimu, watu wanane kwa wasimamizi wawili, mmoja wa ushonaji na mmoja aliyesomea ushauri nasaha. Akitoka mtu machozi, mmoja anamfuata na mwingine anabaki na kikundi. Hesabu sindano na mikasi mwanzoni na mwishoni, kwa sauti, kama utaratibu wa kawaida ili asijione mtu anashukiwa. Kikao cha kwanza tumieni sindano butu na kitambaa chenye matundu makubwa. Asilazimishwe mtu kueleza kiraka chake, na asisifiwe kwa uzuri wa kazi pia, kwani wengi waliokuwa wakipendwa kwa kufanya vizuri tu wataanza kushona kwa ajili ya msimamizi. Sema unachokiona: "Umetumia kijani upande huu wote." Inatosha.

Kuhusu ushahidi, tuwe wakweli. Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipima mwaka 2016 kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo, kwenye mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa. Kwa takriban asilimia 75 yao kotisoli ilishuka, wenye uzoefu na wasio na uzoefu. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, na hawakuwa wakishona mavazi. Kwa hiyo waambie washiriki kwamba kazi ya mikono huweza kuutuliza mwili. Usiwaahidi kwamba vazi litafuta utoto wao.

Zuhura_mkasi

Nimeielewa hoja ya mahali pa tusi, nakubali kwenye kifua. Swali: mtu akitaka kulivaa mbele ya wazazi wenyewe?

Mshauri_wa_Zamu

Aulizwe anatarajia nini kitokee. Kama jibu ni "waone, waombe radhi", vazi limeshabebeshwa kazi ambayo haliwezi. Wazazi wanaweza kucheka, kukasirika, au kusifia rangi, na mtu anaumia upya mahali pale pale. Kuvaa kuende kwa ngazi: kwanza akiwa peke yake ndani kwa dakika 20, halafu mbele ya mtu mmoja anayemwamini, halafu sehemu ambayo hamfahamu mtu. Kila ngazi irudiwe hadi pumzi itulie. Na awe na jibu la mdomoni lililo fupi kwa wanaouliza maana yake: "Nimeshona mwenyewe, napenda rangi hizi." Hakuna anayedaiwa maelezo zaidi.

FundiBitana

Kuhusu kufua, kwa kuwa haijaulizwa na itaulizwa. Toa vifuko vya uzito na kidani. Geuza vazi, fua kwa mkono kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, usilinyonge; likunje ndani ya taulo ulikamue. Anika kivulini. Piga pasi kwa nyuma, nakshi ikiwa imelalia taulo nene, ili mishono isilale bapa. Ncha za nyuzi upande wa ndani zikikwaruza ngozi, zifunike kwa kipande cha pamba laini kilichoshonwa ukingoni tu.

SautiYaNdani

Na kiraka kikishafanya kazi yake? Mtu akiona hakihitaji tena?

NakshiTaratibu

Ndiyo maana kiraka kishonwe kwa uzi wa rangi tofauti kidogo na vazi, upande wa ndani uonekane. Kata kila mshono wa tatu kwa kifumulio, vuta uzi mrefu upande wa pili, kiraka kinatoka kizima. Matundu ya ukingoni kwenye pamba na kitani mara nyingi hufunga ukilowesha mahali hapo na kukwaruza taratibu kwa ukucha, kwa mapana na kwa marefu. Chini yake rangi ya vazi itakuwa imeiva kuliko pembeni kwa sababu haikupigwa na jua. Asiyetaka hiyo alama ionekane ashone kiraka kitupu cha vipimo vile vile, na kama hajui bado cha kuweka juu yake, kikae hivyo hivyo kitupu.